Chupa Tatu za Idman

Tangu alfajiri Idman hakuwa amekaa mahali pamoja muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Aliketi kwenye kitanda cha kamba, akainuka. Akaenda kwenye pipa la maji lililokuwa mlangoni, akanywa vikombe viwili, akarudi. Akaketi, akainuka tena kwenda chooni nyuma ya ua, na alipotoka huko koo lilikuwa limekauka upya, akapitia pipani. Bibi yake, Ayeeyo Qali, alikuwa chini kwenye mkeka akichambua mchele, na kila mjukuu alipompita alikunja miguu yake asije akakanyagwa.

"Ayeeyo, umekalia siafu?" aliuliza. Huko Elwak bibi humwita mjukuu kwa jina lile lile ambalo mjukuu humwitia yeye, basi nyumba ile ilikuwa na akina Ayeeyo wawili, mmoja wa miaka sabini na mmoja wa ishirini na miwili.

"Ni kiu tu."

"Kiu! Nimenywesha ngamia visimani hapa tangu sijavunja ungo, sijaona mnyama anayekunywa hivyo."

Idman alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha juu juu. Chini ya dera lake, kiunoni, alikuwa amefunga kijisanduku cha kijivu, si kikubwa kuliko kasha la kaseti. Watu wa mtaa walidhani ni redio. Ilikuwa ni pampu. Ndani yake mlikuwa na bomba dogo lililojazwa dawa ya insulini, na mrija mwembamba wa plastiki ulitoka hapo ukaingia tumboni kwa kijisindano kilichobandikwa kwa plasta. Mchana na usiku mota ya pampu ilisukuma dawa tone kwa tone, kazi ambayo kongosho lake liliacha kuifanya alipokuwa na miaka kumi na moja. Akitaka kula, alibonyeza vitufe dawa iongezeke. Bila dawa hiyo sukari hupanda katika damu, kisha damu yenyewe hugeuka sumu, na kwa mwenye ugonjwa kama wake siku mbili ni nyingi.

Sasa sukari ilikuwa inapanda. Mtu mwenye afya huwa na tano, sita. Jana jioni mashine yake ya kupimia ilisema kumi na nne. Alfajiri, kumi na tisa. Saa moja asubuhi, ishirini na mbili.

Na pampu ilikuwa inafanya kazi. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Aliisikia ikisukuma, tik, tik, kila baada ya dakika chache, kama kawaida yake. Ayeeyo Qali naye aliisikia.

"Huyo mtoto wako leo hanyamazi," alisema. Tangu siku ya kwanza aliita pampu mtoto, kwa kuwa Idman alilala nayo, aliifunika isipate vumbi, na ilipolia aliamka.

"Hana neno, Ayeeyo. Anafanya kazi."

"Basi mbona mama yake amekonda tangu jana?"

Idman alirudi ndani, akafunga pazia, akaanza upya kutafuta kosa.

Hakutaka kosa lolote lionekane, na sababu alikuwa nayo. Mama yake, Kaaha, aliyemchukua Elwak akiwa na miaka minane kumpeleka Kanada, aligoma miezi mitatu kabla ya kukubali safari hii. Huko hakuna umeme, alisema. Hakuna friji. Hakuna daktari anayeijua hiyo pampu. Kuna nini huko? Kuna Ayeeyo, Idman alimjibu, na kweli hakuwa na jibu lingine. Alitaka miezi miwili na mwanamke aliyemlea. Mjomba wake Mahat, abti kwa lugha ya kwao, karani mjini Wajir, ndiye aliyemleta Elwak katika msafara wa magari unaosindikizwa na polisi, na kabla ya kugeuza gari alimwambia bila kuzunguka: nikisikia umeumwa hata kichwa tu, abti, nakuja kukuchukua na kukupandisha ndege. Hiyo ilikuwa siku kumi zilizopita. Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na tisa, kiangazi cha Februari, jua limeichoma ile ardhi nyeupe ya Elwak hadi macho yanauma ukiitazama.

Kwa hiyo Idman hakusema. Hata kwa bibi alisema kidogo mno: nina ugonjwa wa sukari, hii ni dawa, usihofu. Alikuwa amechoka kuogopewa. Huko Ottawa mama yake alishika chupa za dawa hiyo kwa ncha za vidole, midomo inamtetemeka, kila siku kwa miaka kumi na moja.

Alianza na mrija. Aliutoa, akaweka mpya. Akang'oa kijisindano cha tumboni, akachoma kingine upande wa pili wa kitovu. Akabadilisha betri. Akabonyeza dawa ya kutosha kushusha sukari ya watu wawili. Halafu akangoja, yaani akazunguka chumba kile cha mabati kuanzia kitandani hadi sandukuni, sandukuni hadi kitandani, akihesabu hatua, akipoteza hesabu, akichungulia saa. Mabati yalianza kutoa joto. Miguu ilimuuma lakini kukaa kulimuuma zaidi. Baada ya saa moja alijichoma kidole, akapima. Ishirini na tatu.

Akakojolea kijiti cha kupimia mkojo. Kilikuwa na rangi ya maziwa. Kikageuka zambarau mbele ya macho yake. Hapo aliogopa kwelikweli. Zambarau ilikuwa na maana moja tu, kwamba ile sumu imeshaanza, na kabla ya usiku angekuwa anatapika.

Alibaki na jambo moja la kujaribu. Kwenye begi alikuwa na mabomba ya sindano ya kawaida, ya dharura. Kama ubovu ulikuwa wa pampu, dawa iliyochomwa kwa mkono ingeshusha sukari. Alichukua chupa aliyojazia pampu juzi, Alhamisi, akavuta dawa, akajidunga pajani. Na alipokuwa anaitazama ile chupa dhidi ya mwanga wa mlango, aliona vijiuzi vyeupe vinaelea ndani. Dawa ile inatakiwa kuwa safi kama maji ya kisima kilichotulia. Aliinusa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amenusa harufu moja tu kwenye insulini, ya plasta na hospitali. Hii ilinuka moshi.

Moshi mtamu. Aliujua moshi huo. Alikuwa ameunywa kwenye chai asubuhi hiyohiyo.

Hapo inafaa nieleze kuhusu zile chupa. Idman alikuja nazo tatu. Siku ya kwanza alizifunga kwenye kitambaa chenye maji, akazitundika kivulini karibu na mlango ambapo upepo ulipita, kama alivyofundishwa. Siku ya pili kitambaa hakikuwapo.

"Nimezihifadhi," bibi alimwambia siku hiyo. "Dawa ya mjukuu wangu haitaning'inia mlangoni kama paja la mbuzi. Una masharti?"

"Zisipate jua tu, Ayeeyo."

"Hazitaliona."

Idman alifurahi. Alidhani zimewekwa kando ya mtungi wa maji, mahali pa baridi kuliko pote. Zaidi ya hayo alifurahi kwamba kuna mtu ameshika dawa yake bila kutetemeka. Alhamisi aliomba chupa, akapewa, akaitumia, na hakuuliza imetoka wapi.

Sasa alitoka mbio, kadiri miguu ilivyomruhusu, hadi kwenye kibanda cha jikoni. Alisimama mlangoni.

Ayeeyo Qali alikuwa amechutama mbele ya jiko. Mapajani mwake kulikuwa na dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kirefu, cheusi kwa miaka, kifuniko chake kimepambwa kwa simbi. Idman alikijua tangu utotoni. Bibi alikisuka mwenyewe akiwa mwari, kikapanda ngamia siku ya harusi yake, watoto wake wote walikulia maziwa yake, na alikuwa ameshasema mbele ya watu kuwa kitakwenda kwa Idman siku atakapoolewa. Chupa mbili za insulini zilikuwa zimelazwa pembeni juu ya kitambaa safi. Kwa koleo, bibi alitia kaa moja la moto ndani ya chombo, la pili, la tatu. Akafunika. Akakitikisa kwa mikono miwili, akiimba chini kwa chini, moshi ukichungulia kwenye ukingo. Kisha akamwaga makaa, akapangusa ndani kwa kitambaa, na chombo kikiwa bado moto kiasi cha kumfanya abadilishe mikono, akazishusha zile chupa mbili taratibu, akafunika, akakaza kamba.

Ndivyo maziwa yanavyohifadhiwa huko. Chombo kisichofukizwa huchachusha maziwa kwa siku moja, na mwanamke ambaye vyombo vyake vinachacha husemwa hadi kwenye visima. Kilichofukizwa vizuri hukaa na maziwa siku nyingi katika jua la kuua. Ayeeyo Qali alipoambiwa kuna dawa inayoharibika upesi, alifanya alichokijua, tena kwa chombo bora alichokuwa nacho, tena kila asubuhi, asikose.

Idman alifungua mdomo. Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira, na ilikuwa kali hadi alishika nguzo ya mlango. Umeniua, alitaka kusema. Umenichemshia uhai wangu kila asubuhi kwa siku tisa. Bibi akageuka, akamwona, akatabasamu.

"Umekuja kuchukua? Zimelala vizuri."

Idman akayameza maneno yake.

"Ayeeyo," alisema, "dawa imeharibika. Jua, nadhani. Njiani kutoka Wajir. Lazima nimwite Abti Mahat kwa taar."

Taar ni redio ya mawimbi, na kwa miaka ile ndiyo iliyokuwa simu ya kaskazini yote. Ya Elwak ilikuwa katika duka la Ogle, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ubaya wa taar ulikuwa mmoja: anayesema anasikiwa na wote. Anasikiwa na walio kwenye foleni dukani, na walio kwenye foleni upande wa pili, na kila mwenye redio kati ya Garissa na Rhamu ambaye hana kazi. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ya watu kumi na wawili. Idman hakuwa na hali ya kungoja. Alisimama, akaketi kwenye gunia, akasimama, akaomba maji, akaomba tena, mpaka Ogle mwenyewe akawaambia wengine, "Mpisheni mtoto huyu, hamuoni?" Ayeeyo Qali alikuwa nyuma yake, ameshika ncha ya shuka la mjukuu kama anaogopa ataruka.

Huko Wajir wakatuma mtu amwite Mahat, na hatimaye sauti yake ilifika ikikoroma.

"Idman! Kuna nini, abti? Over."

"Abti, dawa yangu imeharibika. Yote. Sukari imepanda sana. Nahitaji insulini leo. Ile safi kama maji, abti, usichukue ile nyeupe kama maziwa. Leo. Over."



"Imeharibikaje? Over."

"Jua. Over."

"Jua!" Hata mawimbi hayakuficha ukali wake. "Nilijua! Nilimwambia Kaaha. Mama ni mzee, nyumba ni mabati, ataacha dawa juani, hawezi kutunza kitu kama hicho. Naenda hospitali sasa hivi kukutafutia, na Jumatatu nakuja na msafara, unaondoka. Hakuna mjadala. Over."

Foleni nzima ilitazama chini. Lakini Ayeeyo Qali hakutazama chini. Alinyoosha mkono juu ya bega la Idman akamnyang'anya kipaza sauti, na Ogle, aliyezoea kuwaelekeza wazee kitufe cha kubonyeza, hakupata hata nafasi.

"Mahat! Ni mimi niliyekuzaa. Nani amekuambia mimi ni mzembe? Jua gani? Dawa ya huyu mtoto haijaona jua hata dakika moja! Iko ndani ya dhiil yangu, ile ya harusi, imefunikwa, iko gizani. Na kila asubuhi naifukiza kwa mkono wangu huu, kwa makaa ya moto, naitia ndani chombo kikiwa bado kinachoma vidole. Kila asubuhi! Waulize watu kama chombo changu kimewahi kuharibu kitu!"

Aliachia kitufe. Redio ilikoroma tu, na mahali fulani, Garissa au Rhamu, mtu asiyejulikana alisema, "Subhanallah," akanyamaza.

Ogle alivua miwani akaanza kuifuta.

Ayeeyo Qali aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mwerevu; hakuhitaji kuelezwa jambo mara mbili. Mwisho alimtazama Idman, na Idman, ambaye alikuwa ametengeneza uongo mzuri na kuuleta umbali wote ule akiwa na kichefuchefu, hakuweza kuupanga uso wake kwa wakati.

"Ni moto?" bibi aliuliza polepole. "Haitaki moto?"

"Haitaki moto, Ayeeyo."

"Ulisema jua. Hukusema moto."

"Najua."

"Mbona hukusema?" Sauti yake ilipanda, ikavunjika. "Siku kumi tunalala chumba kimoja, unaniambia usihofu, usihofu. Kwani mimi ni mtoto? Ungeniambia hiki kinaua, hiki kinaokoa. Mtu huwaambia hata wachunga mbuzi."

"Na wewe kwa nini hukuniuliza!" Idman alipaza sauti, mbele ya foleni yote, na machozi yakamtoka kwa hasira na hofu na aibu ya kumpigia kelele bibi yake hadharani. "Nitakufa, Ayeeyo! Sitaki kufa!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo, kwa lugha yoyote. Ayeeyo Qali alimshika mikono yote miwili. Hakulia. Alibonyeza tena kile kitufe, safari hii taratibu.

"Mahat. Umesikia. Ni mimi, si jua. Sasa acha kufikiria Jumatatu, nieleze leo. Kitu gani kinafika Elwak leo?"



"Gari la miraa tu, hooyo," Mahat alisema. "Hilo halingoji msafara. Linatoka hapa saa sita."

Watu wakatazama chini tena, kwa sababu nyingine. Mji mzima ulijua kuwa Ayeeyo Qali hakuwa amemwamkia Roda, muuza miraa, kwa miaka sita. Mwana wa mwisho wa Ayeeyo Qali, Kulow, alishinda kwenye kibanda cha Roda kila jioni akitafuna hadi kuuza mbuzi wa mama yake, na Ayeeyo alikuwa akizunguka soko zima ili asipite mbele ya meza ile.

Alitoka dukani kwa Ogle akiwa amemshika Idman kiunoni, akavuka soko moja kwa moja, akasimama mbele ya meza.

"Roda," alisema. "Nimekuja."

Roda alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Habari za taar zilikuwa zimeshamfikia, hakuna kisichomfikia.

"Nimekuona, eeddo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima, akamsogezea kiti chake mwenyewe. "Dawa yenyewe inataka baridi?"

"Baridi," alisema Idman. "Ikipata joto inakufa."

"Kama bidhaa yangu." Roda alishaanza kufunga ushungi. "Miraa ikinyauka saa moja, wanaume hawa watanipiga mawe. Mwambieni Mahat asiiweke mbele kwa dereva, injini itaipika. Aingize katikati ya gunia, kwenye majani ya migomba yaliyoloweshwa. Nakwenda kwa Ogle kuwaambia mwenyewe. Nyinyi hamjui kufunga kitu."

Siku ile ilikuwa ndefu, na sitasema zaidi kuliko inavyostahili. Idman alikataa kulala nyumbani. Alitaka kuwa mahali gari litakaposimama. Wakamtandikia mkeka nyuma ya pazia la kibanda cha Roda, na hakuutumia. Alitembea. Akichoka alishika nguzo, akitulia moyo ulimwenda mbio, akatembea tena. Pampu iliendelea, tik, tik, ikimsukumia maji yasiyo na kazi, na mara moja alitamani kuing'oa aitupe. Alasiri alianza kutapika. Pumzi yake ilipata harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na Ayeeyo Qali aliinusa, akakaza midomo. Alimnywesha maji kwa kikombe, funda moja, anapumzika, funda jingine, akihesabu kwa tasbihi ili asimwache bila maji kwa muda mrefu. Kila alipotapika alianza upya.

"Umekasirika na mimi?" bibi aliuliza wakati mmoja, akimpangusa.

"Ndiyo," Idman alisema, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya uongo mwingine.

"Vizuri. Kaa na hasira. Mwenye hasira halali."

Jua lilikuwa limegusa paa la shule waliposikia honi. Gari la miraa huingia Elwak kwa honi, na wanaume huacha mazungumzo, huacha wateja, wengine huacha udhu nusu. Wakaja mbio upesi kama kawaida yao, Kulow mbele yao. Dereva, kijana wa Meru, alianza kufungua kamba.

"Ngoja!" Roda alimfokea kwa Kiswahili. "Leta kwanza ile mzigo ya mgonjwa! Miraa baadaye!"

"Mama, iko katikati, lazima nishushe zote—"

"Shusha zote! Haraka! Nyinyi wanaume, rudi nyuma! Leo hakuna mtu anatafuna kabla ya huyu msichana!"

Wakarudi nyuma. Kulow ndiye aliyepanda garini kumsaidia dereva, na ndiye aliyelitoa gunia lenyewe, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwa mama yake bila kumtazama usoni. Roda akakata kamba. Majani ya migomba yalikuwa na maji, ya kijani bado, na katikati yake, ndani ya soksi moja ya Mahat, zilikuwapo chupa mbili. Idman aliziinua dhidi ya mwanga uliobaki. Zilikuwa safi. Zilikuwa baridi kwenye kiganja chake, na Elwak nzima hapakuwa na kitu kingine cha baridi saa ile.

Nyuma ya pazia mikono ilimtetemeka hata hakuweza kuichoma sindano kwenye kizibo.

"Nishikie, Ayeeyo."

Bibi alishika chupa. Mkono wake ulikuwa imara. Alitazama kila hatua, sindano ikiingia, dawa ikivutwa, povu likigongwa kwa kucha, na alipoona sindano imeingia pajani hakugeuza uso. Halafu Idman akasafisha lile bomba la pampu, akalijaza upya, akabadilisha mrija, na bibi akashika kila kitu alichopewa ashike.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja."

"Tumeshajua kungoja," alisema Ayeeyo Qali, akamsogezea kikombe.

Asubuhi, wakiwa wamesharudi nyumbani, mashine ilisema kumi na moja. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa namba ya mtu anayeishi. Idman alikuwa amelala usingizi wa kwanza kwa siku mbili, na alipoamka hakuona bibi wala hakusikia jiko likipepewa. Alitoka nje, akazunguka nyumba.

Ayeeyo Qali alikuwa kivulini upande wa upepo. Alikuwa ameitundika dhiil ya harusi kwenye boriti ya paa, bila kifuniko. Ndani alikuwa amepanga majani ya migomba ya Roda, na kati ya majani shingo za zile chupa mbili zilionekana. Alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga nje ya chombo, pole pole, akikizungusha ili kila mzizi uliosukwa unywe. Maji yalichuruzika meusi kwa moshi wa miaka hamsini, yakachora mstari mchangani.

"Roda anasema kikilowa nje na upepo ukipita, ndani panapoa," alisema bila kugeuka. "Nitakilowesha asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mahat akija Jumatatu atie mkono wake ndani, aniambie kama mama yake hawezi kutunza kitu."

Idman aligusa chombo. Kilikuwa baridi. Alijua pia, kama kila mtoto aliyelelewa nyumba ile, kwamba dhiil iliyoloweshwa hivyo siku tatu haishiki tena maziwa, na siku thelathini haishiki kitu chochote.

"Ayeeyo, kitaoza."

"Kioze," alisema bibi, akachota kikombe kingine.